Nimegonga Probox ya mzee kwa nyuma, hakuna hata mkwaruzo. Niandikishe polisi au niache?

Mwalimu_wa_Gredi3, Jumanne, saa 3:40 usiku

Hamjambo wapendwa. Mikono bado inanitetemeka, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Leo jioni nilikuwa natoka Nakuru mjini kurudi Njoro na Demio yangu. Mvua ilikuwa ndiyo imeanza, ile ya kwanza inayoacha lami ikiteleza kama sabuni. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo hivi. Mwanangu wa miaka sita alikuwa kiti cha nyuma, amefunga mshipi. Mbele yangu kulikuwa na Probox nyeupe iliyobeba mitungi ya maziwa, na mbele yake matatu. Matatu ikasimama ghafla kuchukua abiria, Probox ikasimama, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari likaserereka mwendo wa hatua mbili tatu, likaenda kumgonga yule wa mbele. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama debe tupu linapodondoka jikoni.

Nikashuka. Aliyekuwa anaendesha akashuka pia, mzee wa makamo ya babu yangu, amevaa koti la mvua na gambuti. Tukainama wote wawili nyuma ya gari lake, mimi nikimulika na simu. Bampa lake ni lile jeusi lisilopakwa rangi. Lilikuwa limejaa matope ya shamba, na pale nilipogusa matope yalikuwa yamefutika mahali padogo, kama ukubwa wa kiganja. Ndani ya hapo palikuwa na alama mbili za skrubu za namba pleti yangu, kama macho mawili. Basi. Hakuna ufa, hakuna kubonyea. Kwangu ni pleti tu iliyojikunja kona moja.

Nilimwomba msamaha, nikamwambia, "Mzee, nipe namba yako ya simu, nami nikupe yangu." Akakataa. Akasema, "Mwanangu, hakuna kilichoharibika. Mpeleke mtoto nyumbani, mvua hii itamshika kifua." Nikamsihi mara ya pili. Akasema maziwa yanangojewa, akaingia garini akaenda. Hakuniuliza hata jina. Nilibaki nimeandika namba ya gari lake nyuma ya mkono kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia.

Sasa nimeketi hapa, mtoto amelala, na usingizi haunijii. Mke wa mzee alikuwa kiti cha mbele. Hakushuka. Lakini nilipopita dirishani kwake kumsalimia nilimwona ameweka mkono nyuma ya shingo, anapapasa polepole. Nikamuuliza, "Shosho, umeumia?" Akatabasamu, akasema ni baridi tu.

Halafu kuna kitu kingine. Nilipokuwa nainama niliokota chini kipande cha plastiki cheupe, kidogo kama kofia ya uyoga, chenye mguu uliopasuka katikati. Nilidhani ni takataka za barabarani nikakitia mfukoni bila kufikiri. Nimekitoa sasa hivi, kiko hapa mezani, na ni kisafi. Takataka ya barabarani haiwezi kuwa safi hivyo wakati wa mvua.

Gari nililinunua kwa mkopo wa sacco, jina la sacco liko kwenye logbuku pamoja na langu, na walinilazimisha kuchukua bima kubwa. Kaka yangu nimempigia, ameniambia, "Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mzee mwenyewe amekuachilia, wewe unatafuta polisi wa nini?" Labda ana haki. Lakini ile picha ya mkono shingoni hainitoki.

Niende kuandikisha, au niache jinsi mzee alivyosema? Nani amepitia jambo kama hili huku kwetu?

---

Dereva_MauSummit, Jumanne, saa 4:25 usiku

Pole sana dada, na shukuru Mungu kwa mtoto.

Mimi ni dereva wa matatu, Nakuru kwenda Eldoret, mwaka wa 14 sasa. Nakwambia kilichonipata ili ujue pande zote. Kuna siku nilimgusa mtu wa pikapu kwenye foleni, kitu kidogo kama chako. Tukakubaliana vizuri, lakini abiria mmoja akapiga kelele twende kituoni ili mambo yawe sawa. Tukaenda. Magari yote mawili yakawekwa ndani ya uwanja kungoja mkaguzi. Siku sita. Tajiri wa gari alinikata kila shilingi ya hizo siku, na yule wa pikapu alikuwa na viazi vikamwozea mle mle uani. Tulitoka hapo maadui, na tulikuwa tumeingia tukicheka.

Kwa hiyo mimi ningemtafuta mzee kwanza. Mwandikiane karatasi, mashahidi wawili, kila mtu aweke sahihi na namba ya kitambulisho. Ukianza na kituo bila yeye kujua, atakuja kuitwa na polisi akiwa anakamua ng'ombe, atafikiri umemshtaki.

Picha ulipiga?

---

Mwalimu_wa_Gredi3, Jumanne, saa 4:31 usiku

Sikupiga hata moja. Simu ilikuwa mkononi mwangu, inamulika, na halikunijia akilini. Nimejilaumu kwa hilo tangu nifike nyumbani.

---

FundiBodi_Kibuye, Jumanne, saa 5:10 usiku

Mwalimu, mimi nanyoosha bodi za magari hapa Kisumu. Nataka nikwambie habari ya bampa, maana watu wengi hawaijui na inawaponza.

Hilo unaloliita bampa ni ganda tu la plastiki. Kazi yake ni sura. Limetengenezwa kunepa na kurudi. Ukilisukuma linaingia ndani, likagusa kilichoko nyuma yake, halafu linarudi mahali pake kama halikutoka. Nyuma ya ganda kuna sponji ngumu, nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma au ya aluminiamu iliyolala kutoka kulia hadi kushoto, na boriti hiyo imeshikiliwa na vipande viwili vilivyotengenezwa makusudi vikunjike ili chesisi isikunjike. Hayo yote huyaoni ukiinama na simu. Bampa jeusi lisilo na rangi ndilo baya zaidi kwa udanganyifu, kwa sababu rangi ndiyo huwa inatoboa siri kwa kupasuka. Hapo hakuna rangi ya kupasuka.

Mwezi uliopita nimeletewa Fielder na mama mmoja, amegongwa nyuma kwenye maegesho, "Fundi, niangalilie tu, sioni kitu." Kweli hata mimi nilizunguka mara mbili sikuona kitu. Nikatoa ganda. Boriti ilikuwa imejikunja kama mkeka, na sakafu ya buti imeinuka ikafanya mkunjo mdogo chini ya kapeti. Mlango wa buti ulikuwa unafunga, lakini ulikuwa unafunga kwa kulazimishwa.

Hicho kipande cheupe unachokieleza, kofia ya uyoga yenye mguu uliopasuka katikati, ni klipu. Ndiyo inashikilia bampa kwenye bodi. Klipu kwa kawaida haianguki yenyewe, mwalimu. Ikitoka ujue ganda lilivutwa au lilisukumwa mpaka mguu wa klipu ukatoka tunduni. Sasa swali ni klipu ya gari gani, yako au ya mzee. Kitunze.

Kesho kukipambazuka, kabla hujawasha gari, fanya hivi. Simama mbele ya Demio, utazame ule mwanya kati ya boneti na taa, kulia na kushoto. Uwe sawa pande zote. Ingiza kidole. Kama upande mmoja kidole kinaingia na mwingine hakiingii, kuna kitu kimesogea. Chuchumaa utazame chini kama kuna matone, ya kijani au ya waridi, hayo ni maji ya rejeta. Kwenye gari dogo kama lako rejeta na kondensa ya AC ziko nyuma tu ya bampa, hazina ulinzi mkubwa. Fungua boneti, uifunge kwa mkono mmoja bila kuipiga. Ikikataa, usiende nayo Nakuru, mwite fundi. Na mshipi wa mtoto uvute wote mpaka mwisho uuachie, utazame kama unarudi wenyewe bila kukwama.

Ya kwako utaiona. Ya mzee ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu yeye haangalii, na anabeba mzigo nyuma.

---

Ajenti_Mstaafu, Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Mwalimu, nimeuza na kushughulikia bima miaka mingi hapa Nakuru, sasa nimestaafu, sina cha kukuuzia. Nisome polepole kwa sababu saa inakwenda.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 73, inasema hivi kwa lugha rahisi: ajali ikitokea kwa sababu ya gari lako, na mtu akaumia, au gari lingine, au jengo, au mnyama akapata madhara, lazima usimame, na umpe jina lako, anwani, na habari za mwenye gari yule aliye na sababu ya kuuliza. Kama kwa sababu yoyote hukumpa hayo, unapaswa kuripoti polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isipite saa 24. Wewe ulisimama, hilo umelifanya. Ulitaka kumpa jina, akakataa, kwa hiyo hukumpa. Saa zako 24 zinaisha leo saa kumi na mbili na robo jioni.

Kaka yako atasema, lakini hakuna madhara, kwa hiyo kifungu hakikuhusu. Nani amesema hakuna? Mmesema nyinyi wawili, gizani, mvuani, na tochi ya simu. Fundi hapo juu amekueleza plastiki inavyoficha. Na kuna mama aliyeshika shingo. Mtu aliyeumizwa na uzembe wa dereva ana miaka 3 ya kwenda mahakamani, iko kwenye Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kushtaki, Sura ya 22. Simsemi mzee huyo vibaya, anaonekana mtu wa heshima. Lakini mzee ana watoto, watoto wana marafiki, na mwaka ujao habari ya jioni hii inaweza kusimuliwa na mtu ambaye hakuwepo. Akisema ulimgonga ukakimbia, wewe utatoa nini? Namba iliyoandikwa mkononi imeshaoshwa.

Halafu bima. Watu wanachanganya kutoa taarifa na kudai fidia, na kwa kuogopa la pili wanaacha la kwanza. Kutoa taarifa ni barua au ujumbe mfupi: tarehe fulani, mahali fulani, nimegusana na gari namba fulani, sioni uharibifu, sidai chochote kwa sasa. Punguzo lako la kutodai, yaani nafuu ya malipo anayopewa asiyedai fidia, hupotea ukidai. Ila karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba utoe taarifa ya ajali mara moja, hata kama ni ndogo. Usipotoa, na baadaye mtu akaja na madai, kampuni itafungua ukurasa huo huo na kukuonyesha sahihi yako. Gari lina jina la sacco, kwa hiyo nao waandikie mistari miwili. Wao ndio waliokulazimisha kuchukua bima kubwa kwa sababu gari ni lao pia.

Jambo jingine ambalo watu wema kama wewe hujifungia nalo kitanzi: usiandike popote, wala usimtumie mzee ujumbe, kwamba "kosa ni langu, nitalipa kila kitu." Mkataba wa bima hukukataza kukiri au kuahidi malipo bila wao kukubali. Kuomba msamaha kwa mdomo ni utu, hakuna atakayekulaumu. Kumpeleka mtu hospitali pia hakuna anayekukataza, ila weka risiti na uwaambie bima.

Dereva_MauSummit, nimekusikia kuhusu siku sita, na hayo hutokea. Ndiyo sababu namwambia aende mwenyewe mapema, kwa hiari, kuandikisha kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, badala ya kungoja kuitwa. Anayekwenda mwenyewe na anayeletwa hawapokelewi sawa.

---

Sista_Kakamega, Jumatano, saa 1:35 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, nitaandika kidogo. Huyo mama mzee asiachwe.

Gari likigongwa kwa nyuma, mwili unasukumwa na kiti, kichwa kinabaki nyuma, halafu kinarushwa mbele. Misuli na mishipa ya shingo inavutika. Maumivu mara nyingi hayaji pale pale. Huja usiku, au kesho yake, mtu anaamka hawezi kugeuza kichwa. Ndiyo maana "niko sawa" ya barabarani haihesabiki. Na kwa mtu wa umri mkubwa mifupa si ile ya kijana, kwa hiyo mgongano ambao wewe umeuona mdogo kwake unaweza kuwa mwingine.

Ukimpata, muulize haya: vidole vinakufa ganzi? Mkono umelegea, anadondosha kikombe? Kichwa kinamuuma kwa namna asiyoizoea, anatapika, anachanganyikiwa? Likiwepo hata moja aende hospitali siku hiyo hiyo, na asikandwe wala kunyooshwa na mtu yeyote kabla hajapimwa. Hilo la kukandwa nalisema kwa uchungu kwa sababu huku kwetu ndilo la kwanza watu wanalolikimbilia.

Mtoto wako pia mwangalie leo jioni akigeuza shingo.

---

Mwalimu_wa_Gredi3, Jumatano, saa 2:15 usiku

Nimewasoma wote asubuhi kabla ya kwenda shule. Nilichuchumaa mbele ya Demio kama Fundi alivyosema, na watoto wa jirani wakaja kuchuchumaa nami. Mwanya wa boneti uko sawa, kidole kinaingia pande zote. Hakuna matone. Boneti inafunga kwa mkono mmoja. Mtoto anageuza shingo kama bundi, hana neno.

Saa nne wakati wa mapumziko nikamwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa, nikaenda kituo cha polisi. Nilikuwa na hofu, nakiri, kwa sababu ya yale ya siku sita. Afisa aliyekuwa kaunta alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kuna mtu amelalamika?" Nikasema hakuna, ila mimi mwenyewe ndiye ninayetaka iandikwe. Akatoka nje akaizunguka Demio, akaitazama ile pleti iliyojikunja, akarudi akaandika: saa, mahali, namba za magari yote mawili, kwamba mwenye gari la pili aliondoka kwa hiari baada ya kukataa namba ya simu, na kwamba abiria wake alionekana akishika shingo. Hilo la shingo nilimwomba aliandike. Akanipa namba ya OB kwenye kipande cha karatasi. Gari sikuachishwa. Dakika ishirini na tano, nikarudi nikakuta bado wanaimba jedwali la saba.

Bima nimewaandikia kwa maneno ya Ajenti karibu neno kwa neno. Sacco pia. Nimepiga picha pleti, na ile klipu nimeiweka juu ya rula ili saizi yake ionekane.

Kilichobaki ni kumpata mzee. Nilichokumbuka ni kwamba mitungi ilikuwa ya aluminiamu yenye herufi nyekundu zilizochorwa kwa mkono. Mwalimu mwenzangu anayetoka upande wa Mau Narok amesema anazijua hizo herufi, ni za ushirika fulani wa maziwa. Kesho baada ya shule nitaenda kwenye kituo chao cha kupozea maziwa kuacha namba yangu.

---

Dereva_MauSummit, Jumatano, saa 2:50 usiku

Dakika ishirini na tano! Basi nimefurahi, mwalimu, na nimejifunza. Mzee ukimpata mwambie mapema kwamba jina lake liko OB na kwa nini, asilisikie kwa mtu mwingine.

---

Mwalimu_wa_Gredi3, Jumapili, saa 10:20 jioni

Wapendwa, nimempata. Niliacha namba pale Alhamisi, Ijumaa jioni akanipigia, sauti ile ile. Hakunitambua mpaka nilipomwambia ni yule wa mvua na mtoto. Jana Jumamosi nilienda kwake.

Nilipoegesha uani, kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba ya katani. Mlango wa nyuma wa Probox ulikuwa umefungwa kwa kamba, mara tatu, na fundo kubwa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Jumatano. Alikuwa anapanda kilima cha murramu alfajiri, mlango ukafunguka wenyewe, mtungi wa lita ishirini ukabingirika nje, maziwa yote yakaishia mtaroni. Yeye alifikiri kitasa kimezeeka. Hakuuunganisha na Jumanne hata kidogo. Mimi nilisimama pale nikitazama ile kamba nikajisikia vibaya sana, kwa sababu kama si FundiBodi hata mimi nisingeunganisha.

Nikamweleza yote, na nikaanza na ile ya OB kama Dereva alivyosema. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Uliandika mwenyewe? Hakuna aliyekushika?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akamwita mke wake.

Shosho alikuja akigeuka mwili mzima ili anitazame, hakugeuza shingo. Nilijua hapo hapo. Amekuwa akilala ameketi tangu Jumanne, ameegemea magunia mawili. Alikuwa anaweka kitambaa cha maji ya moto. Nilimuuliza maswali ya Sista, moja moja. Kikombe hadondoshi, kichwa hakimuumi. Lakini nilipouliza vidole, alinyoosha mkono wa kushoto akasema hivi viwili vya mwisho huamka vimekufa ganzi mpaka jua lichomoze. Na alikuwa amepanga Jumapili, yaani leo, aende kwa mama mmoja anayekanda.

Sikungoja. Tulimlaza kiti cha mbele cha Demio, tukaenda polepole sana, mzee nyuma akiwa ameshika kiti cha mkewe kwa mikono yote miwili kana kwamba barabara ingemnyang'anya. Hospitalini walimpiga eksirei. Mifupa iko salama. Daktari amesema ni misuli na mishipa iliyovutika, na neva inabanwa kidogo na uvimbe. Amepewa dawa, amefundishwa kugeuza shingo kidogo kidogo, na amekatazwa kabisa kukandwa. Arudi baada ya wiki mbili, au mapema ganzi ikiongezeka. Ajenti, eksirei nililipa mimi, risiti ninayo, na nilimtumia ajenti wangu wa bima ujumbe nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Sikuahidi lingine lolote, ingawa ulimi uliniwasha.

Kesho Jumatatu mzee na mimi tunakwenda kituoni pamoja, yeye aongeze yake kwenye ile OB, tuchukue abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali. Bima wamesema watatuma mkadiriaji aione Probox kabla haijaguswa, lakini wametukubalia kitasa kishikizwe kwa muda kwa sababu maziwa hayangoji. Wameniambia pia kwamba kwa kuwa taarifa yangu iliwafikia siku iliyofuata, hawana swali juu ya hilo.

Kaka yangu nimemwambia. Amenyamaza, halafu ameuliza shosho anaendeleaje.

Fundi wa Kibuye, jambo la mwisho ni lako. Jioni tuliporudi, kijana anayemtengenezea mzee gari alikuja kushikiza kile kitasa. Hakutoa bampa, kwa sababu ya mkadiriaji, lakini alilala chini akamulika upande wa kushoto. Akanyoosha mkono akaniambia, "Mwalimu, lete hicho kipande." Nilikuwa nacho kwenye pochi. Akakipeleka kwenye tundu moja lililokuwa wazi, kando ya mengine yaliyokuwa na klipu zake, nyeupe vile vile, kofia vile vile. Kiliingia. Hakukisukuma mpaka mwisho. Alikitoa tena, akanirudishia, akasema nikiweke mpaka mkadiriaji aje akione.